Daktari wa Watoto Aliyeacha Jina Lake Tumboni Mwetu

Wanachuo wenzangu, naanza kwa kuungama. Mwaka jana nikiwa TP nilimdanganya mwanafunzi.

Ilikuwa kidato cha pili, somo la Baiolojia, mada ya bakteria. Niliandika ubaoni Escherichia coli, nikapiga mstari chini yake kama tulivyofundishwa, nikaendelea mbele. Kipindi kilipoisha binti mmoja akanifuata hadi karibu na ofisi ya walimu. Aliuliza mambo mawili kwa sauti ya chini. La kwanza, lile neno refu maana yake nini. Nikamjibu chapchap kwamba ni Kilatini tu, namna ya kusema mdudu wa tumboni. La pili lilimchukua muda kulitoa. Alitaka kujua kama ni kweli kwamba msichana akikutwa na UTI basi ametembea na wanaume, maana wenzake bwenini walikuwa wameanza kumsema. Nikamwambia hapana, asiwasikilize, aende akapumzike. Basi. Jibu la mwalimu anayewahi chai.

Jibu langu la kwanza lilikuwa uongo. La pili lilikuwa kweli, lakini halikuwa na ushahidi wowote ndani yake, na mtoto anayesemwa bweni zima anahitaji ushahidi, si kupigwapigwa bega. Niliporudi chuo nikaingia maktaba kulipa deni. Nilichokuta ni kwamba majibu ya maswali yote mawili yako kwa mtu mmoja, daktari wa watoto aliyefariki mwaka 1911. Sisi sote tumebeba jina lake tumboni na wengi wetu hatujawahi kumsikia.

Mtundu wa Würzburg

Theodor Escherich alizaliwa tarehe 29 Novemba 1857 katika mji wa Ansbach, Bavaria, sehemu ambayo leo iko kusini mwa Ujerumani. Baba yake, Ferdinand, alikuwa daktari wa serikali, na alikuwa na mapenzi ya takwimu za afya: wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa, wamekufa na nini. Kwa hiyo kijana alikulia kwenye nyumba ambamo vifo vya watoto vilihesabiwa kwa kalamu. Mama yake alifariki Theodor akiwa bado mdogo, wa miaka mitano hivi. Familia ikahamia Würzburg, na huko utundu ukamzidi kimo. Alipofikisha miaka 12 akapelekwa shule ya bweni ya Wajesuiti huko Feldkirch, Austria, akanyooshwe. Wale mliopelekwa seminari kwa sababu ya utundu mnaijua safari hiyo.

Alinyooka. Mwaka 1876 alianza masomo ya udaktari, na akayasomea katika vyuo vinne: Strasbourg, Kiel, Berlin na Würzburg. Kwa wanafunzi wa Ujerumani ya wakati ule, kuhama chuo ili umfuate profesa unayemtaka lilikuwa jambo la kawaida. Sisi hapa kuhama kozi tu ni barua tano na mihuri mitatu. Alimaliza mwishoni mwa 1881 akiwa na miaka 24, akafanya kazi kwa muda katika hospitali ya jeshi, kisha akarudi Würzburg kuwa msaidizi wa Profesa Carl Gerhardt, bingwa wa magonjwa ya ndani aliyekuwa pia na moyo wa kutibu watoto.

Jaribuni kuuona wakati wenyewe. Mwaka 1882 Robert Koch aliwaonyesha madaktari wa Berlin bakteria wa kifua kikuu. Mwaka 1884 Hans Christian Gram, Mdenmark, akaja na ile njia ya kupaka rangi bakteria ambayo sisi wa sayansi tumeichemkia maabara hadi vidole vikawa vya zambarau. Kila mwezi mdudu mpya. Upande wa pili kulikuwa na watoto. Bavaria ya miaka ile ilikuwa inazika takriban robo ya watoto wake kabla hawajatimiza mwaka mmoja, na muuaji mkubwa alikuwa kuhara. Halafu udaktari wa watoto wenyewe ulikuwa haujahesabiwa kuwa fani kamili. Kijana mwenye ndoto za ukubwa alikwenda kwenye upasuaji, hakwenda kwa watoto.

Escherich alikwenda kwa watoto. Mwaka 1884 alifunga safari hadi Vienna, kwenye hospitali ya watoto ya Mtakatifu Anna, kisha Paris, kujifunza alichokosa nyumbani. Mwaka huohuo kipindupindu kiliuvamia mji wa Naples, Italia, na serikali ya Bavaria ikamtuma huko kwenda kuuchunguza. Naples ilimfundisha kitu kimoja ambacho hakukisahau tena: ugonjwa wa tumbo unaweza kutafutwa kwa hadubini, mdudu kwa mdudu.

Kazi ya nepi

Aliporudi Munich akajikita kwenye swali ambalo kwa kulisikia halina heshima yoyote. Ndani ya kinyesi cha mtoto mchanga kuna nini?

Ndugu msomaji, usicheke. Wakati wenzake wanawinda wadudu wenye majina ya kutisha, yeye alikuwa anakusanya kilichomo kwenye nepi. Alijifunza kuotesha bakteria kutoka kwa Wilhelm Frobenius, aliyekuwa amefunzwa njia za Koch, na alifanya kazi chini ya Heinrich von Ranke aliyeongoza hospitali ya watoto ya Munich. Wazo lake lilikuwa jepesi na la akili: huwezi kujua bakteria gani anamharisha mtoto mgonjwa kama hujui bakteria gani wanaishi kwa mtoto mzima. Kwanza uwajue wenyeji wa mtaa, ndipo umtambue mgeni.

Akaona haya. Choo cha kwanza kabisa cha mtoto aliyetoka kuzaliwa, kile cheusi cha kunata, hakikumwotea bakteria. Saa chache baadaye walikuwa wameshaanza kuingia. Mtoto alipoanza kunyonya, hali ikabadilika tena, na aina chache zikatawala. Mmoja wao alikuwa kijiti kifupi chembamba, kinachoota haraka na kugandisha maziwa. Alimkuta kwa watoto wengi mno, na wengi wao hawakuwa na shida yoyote.

Tarehe 14 Julai 1885, akiwa na miaka 27, aliwasilisha matokeo hayo mbele ya chama cha wanasayansi wa Munich, na mwaka 1886 akayatoa kama kitabu. Yule kijiti alimwita Bacterium coli commune, yaani bakteria wa kawaida wa utumbo mpana. Hilo neno la kawaida lilikuwa ndiyo hoja yenyewe. Hakumtangaza kama muuaji. Alimtambulisha kama mpangaji.

Graz, na wasichana wadogo

Mwaka 1890 aliitwa Graz, Austria, kuongoza hospitali ya watoto na kufundisha. Alikuwa na miaka 32. Aliikuta hospitali ndogo, akaikuza hadi ikajulikana Ulaya nzima. Mwaka 1892 alimwoa Margarethe Pfaundler, binti wa profesa wa fizikia, na wakapata watoto wawili, Leopold na Charlotte. Mwaka 1894 akawa profesa kamili.

Mwaka huohuo wa 1894 aliandika makala ambayo ndiyo imenifanya niandike hii. Wodini walikuwa wanaletwa wasichana wadogo wenye homa, wanaolia wakikojoa, mkojo wao umechafuka. Escherich aliuotesha mkojo ule. Kilichoota kilikuwa rafiki yake wa zamani, yule kijiti wa kwenye nepi za Munich. Mpangaji mtulivu wa utumbo alikuwa amehamia kwenye kibofu, na huko hakuwa mtulivu tena.

Nawaomba msome polepole hapo. Wagonjwa wake walikuwa watoto. Mdudu aliyewaumiza hakutoka kwa mwanaume yeyote; alitoka kwenye matumbo yao wenyewe. Sababu iko kwenye maumbile: kwa msichana mrija wa kutolea mkojo ni mfupi, na mlango wake uko karibu na njia ya haja kubwa. Ni safari ya sentimita chache. Kwa watu wazima kujamiiana kunaweza kuwasukuma bakteria hao kuelekea kwenye mrija, hilo ni kweli na tusilifiche. Lakini hata hapo, mara nyingi bakteria mwenyewe ni wako, umekaa naye siku zote. UTI si cheti cha tabia. Jambo hili liliandikwa na kuchapishwa zaidi ya miaka 125 iliyopita, na bado mabweni yetu yanaendesha kesi.

Miaka ya Vienna

Mwaka 1902 Escherich alihamia Vienna kuongoza hospitali ileile ya Mtakatifu Anna aliyoijia zamani kama mwanafunzi. Ilikuwa kilele cha fani yake. Chini yake walifanya kazi vijana waliokuja kuwa wakubwa: Clemens von Pirquet, ambaye mwaka 1906 alitupa neno aleji, na Béla Schick, ambaye kipimo chake cha dondakoo kilikuja kutumika duniani kote. Nikiwa mwalimu mtarajiwa, hilo limenigusa kuliko vyeo vyake. Mwalimu anapimwa na waliotoka mikononi mwake.

Lakini miaka hiyohiyo ilimpiga. Mwanae Leopold alifariki akiwa na miaka kumi tu, kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Baba alikuwa miongoni mwa watu waliojua utumbo wa mtoto kuliko karibu kila mtu aliyekuwa hai, na bado haukumwachia mwanae. Sina cha kuongeza hapo. Nimejaribu kuandika sentensi ya kufariji nikaifuta.

Aliendelea na kazi. Aliwaita wanawake wa Vienna wachangie chama cha kuwalinda watoto wachanga, chama kilichohimiza akina mama wanyonyeshe, na kuwapatia maziwa salama wale walioshindwa kunyonyesha. Angalia alikotoka: mtu aliyeanza kwa kuchunguza kinachotokea tumboni mwa mtoto anayenyonya, sasa anaomba pesa mtaani ili watoto wapate maziwa. Alipigania pia kliniki mpya ya watoto ya chuo kikuu. Hakuiona ikifanya kazi. Tarehe 15 Februari 1911 alifariki kwa kiharusi, akiwa na miaka 53.

Jina linapita Entebbe

Alipokufa, bakteria wake alikuwa bado anaitwa Bacterium coli. Aliyembadilishia jina ana historia na huku kwetu. Mwaka 1902 daktari kijana wa Kiitalia, Aldo Castellani, alifika Entebbe, Uganda, na tume iliyotumwa kuchunguza ugonjwa wa malale uliokuwa unaua watu kando ya Ziwa Victoria. Humo ndimo alimoona kimelea cha malale kwenye maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1919, Castellani na mwenzake Albert Chalmers walichapisha toleo jipya la kitabu chao kikubwa cha tiba ya nchi za joto, na ndani yake wakampa yule kijiti jina la heshima: Escherichia.

Kwa hiyo, binti yangu wa kidato cha pili, neno lile halikuwa Kilatini cha mdudu wa tumboni. Ni jina la mtu. Ni daktari aliyewatibu wasichana wenye ugonjwa wako.

Mpangaji anayebadilisha mizigo

Escherich hakuweza kuona jeni. Alijua bakteria yuleyule anakaa kwa amani kwa mmoja na kumwumiza mwingine, lakini tofauti ilikuwa ndani mno kwa hadubini yake. Dalili ya kwanza ilikuja mwaka 1946, pale Joshua Lederberg na Edward Tatum walipoonyesha kwamba bakteria hawa hugusana na kupeana vinasaba. Lederberg alikuwa na miaka 21. Mimi nina 22 na bado natafuta kichwa cha utafiti wangu, tuyaache hayo.

Kupeana huko ndiko kunakofanya jina moja lifunike viumbe wengi. Mwaka 2002 watafiti walilinganisha vinasaba vya E. koli watatu: mmoja mpole wa maabara, mmoja wa kuharisha damu, na mmoja aliyetolewa kwa mgonjwa wa njia ya mkojo. Ukichukua aina zote za protini wanazotengeneza kwa jumla, zilizokutwa kwa wote watatu hazikufika asilimia 40. Ndugu wa jina moja, mizigo tofauti kabisa.

Kwa muda mrefu vitabu viliwapanga kwa makabati: huyu wa kuhara, huyu wa mkojo. Makabati hayo yameanza kuvuja. Mwaka 1991 huko Copenhagen, Denmark, kundi la watu lilipata UTI kutokana na E. koli wa aina moja, sugu kwa dawa kadhaa. Miaka kama 20 baadaye wanasayansi walimtoa kwenye friji wakamsoma vinasaba, wakakuta amebeba jeni za bakteria wa kuhara, wale wanaojirundika juu ya ukuta wa utumbo kama matofali. Vinywele vilevile vya kunatia utumboni, vilipojaribiwa maabara, vilimsaidia kunata kwenye seli za kibofu pia. Silaha ya mtaa mmoja imetumika mtaa mwingine.

Mwaka 2011, miaka 100 kamili tangu Escherich afariki, nchi aliyozaliwa ilipata somo kali zaidi. Bakteria wa kuhara wa kundi hilohilo la matofali, akiwa amepokea jeni ya sumu iliyoletwa na kirusi cha bakteria, aliingia kwenye mbegu zilizochipushwa za kulia saladi. Waliougua walipita 3,800 na waliokufa walizidi 50, wengi wao figo zikiwa zimeharibika. Wakati huu hakuhitaji kufika kwenye mkojo. Sumu ilisafiri kwa damu.

Sasa turudi hosteli

Kwa nini haya yatuhusu? Kwa sababu asilimia kubwa ya UTI, robo tatu au zaidi, ni kazi ya huyuhuyu bakteria, na sisi tunavyomtibu ni aibu. Nijitoe mfano. Mwaka wa pili nilipata UTI wiki ya mitihani. Nikaenda duka moja la dawa, sikupimwa, nikapewa vidonge. Nikapata nafuu, nikaacha dozi katikati, nilichobakiza nikampa rumeti. Ikarudi. Nikanunua vingine. Mara ya tatu ndipo nikaoteshwa mkojo, ikaonekana vile vidonge vya mwanzo bakteria wangu alikuwa anavila kama njugu. Kinachoniuma leo ni kwamba usugu nao husafiri kwa njia ileile ya kupeana vinasaba. Nilipobakiza dozi niliwaua wanyonge nikawaachia uwanja wababe, wakae tumboni mwangu wakigawiana mizigo.

Kwa hiyo wadau, mambo ni machache. Ukiumwa, omba kipimo, na ikirudi omba uoteshewe mkojo. Maliza dozi, wala usimgawie mtu. Kunywa maji, usibane mkojo ukumbini mpaka lekcha iishe. Dada zangu, chooni jifuteni kutoka mbele kwenda nyuma. Zile sentimita chache ndizo zote. Na yeyote anayemcheka mwenzake kwa UTI ajue anamcheka mtu kwa kuwa na utumbo.

Mwezi uliopita nilimwandikia mwalimu wa Baiolojia wa ile shule niliyofanyia TP. Nilimwomba awasomee kidato cha tatu, maana sasa wamepanda, darasa zima bila kumtaja mtu, habari za daktari wa Graz na wagonjwa wake wa mwaka 1894. Amenijibu kwamba amesoma. Kasema darasa lilikuwa kimya, kisha mkono mmoja nyuma ukanyooshwa, akauliza kama wale wasichana wa Graz walipona.

Nimerudi maktaba. Safari hii sitajibu kabla sijajua.